Mchanga Juu, Bahari Chini

Hasira yangu haijapoa, na sitaki ipoe. Kisima kile kiko nje ya Garissa, karibu na boma la shangazi yangu, na kila nikipita pale natamani kukipiga teke.

Shangazi amezeeka akifuata maji mtoni na punda. Alipoambiwa mtambo unaletwa kuchimba karibu na kwake, alinipigia simu huku mtaa wa Iftin, mjini, ninakofundisha jiografia, akataka niende nikafurahi naye. Nilienda nikiwa na furaha kweli.

Wachimbaji walikuwa wakiutoa udongo wa ndani na kuupanga mafungu mafungu kando ya mtambo, wa juu ukitangulia. Nilichutama nikayapitia moja moja. Udongo mwekundu, kisha mchanga wa chengachenga, ule wa mto unaokwaruza vidole. Maji yalikuwa yamepatikana humo humo, na shangazi alishayaonja akayakuta matamu. Fungu la mwisho lilikuwa bado bichi: tope la kijivu, laini, lenye vipande vyeupe vya kombe.

Kombe, huku kwetu kwenye vumbi! Hilo nimelifundisha hadi sauti ikanikauka. Zamani sana hapa palikuwa ufukoni. Bahari ilipopanda, na mto ukawa hauna mchanga wa kutosha kuizuia, iliingia ndani ikatandaza tope lake. Mto ulipopata nguvu ukaleta mchanga mwingi, ulijaza pale palipokuwa maji, ufuko ukasogezwa mbali, na mchanga ukalala juu ya tope. Tabaka juu ya tabaka, kama mikate ya anjera iliyopangwa kwenye sinia. Maji matamu yalikuwa kwenye anjera ya juu. Chini ya lile tope niliogopa chumvi.

Nikamwambia shangazi kwa Kisomali kwamba tumefika baharini. Naye, kwa haraka ya kunisaidia, akamwendea injinia aliyesimamia uchimbaji.

“Mwalimu anasema hii ni bad,” alimwambia.

Bad, kwetu, ni bahari. Injinia alikuwa ametoka Nairobi, akasikia Kiingereza.

“Si bad, mama,” alisema akicheka. “Ni good sana. Bado tunashuka.”

Nilimweleza mwenyewe, pole pole. Nilimwomba aishie kwenye mchanga na aliache lile tope kama lilivyo. Akasema maji ya juu ni machache, na wakubwa wanaokuja kufungua kisima wanataka kuona maji yakiruka.

“Madam, hayo ni ya darasani,” akaniambia, na wanaume wote waliokuwa pale wakacheka. Wale waliocheka ni watu ambao mbuzi wao wangekunywa hapo hapo.

Basi walishuka, na maji yaliruka kweli. Siku ya ufunguzi wakubwa walipigwa picha wakinawa mikono, kisha wakanywa maji ya chupa waliyokuja nayo. Mbuzi wa shangazi walinusa birika la kunyweshea wakageuka.

Shangazi aliingia jikoni akawapikia wageni chai kwa maji ya kisima kipya, maziwa na iliki. Niliyaona maziwa yakikatika sufuriani, nikadhani ataimwaga. Aliimimina vikombeni yote, akaanza na injinia.

“Karibu, kunywa bole bole,” alimwambia, kwa ulimi wetu wa Kisomali usioijua p.

Injinia alipiga funda moja, uso ukamkunjika. Akauliza chai imetiwa nini.

“Bad,” akasema shangazi.

Safari hii hakucheka. Kwa lugha yoyote aliyolisikia neno lile, alilisikia sawa, na kwa dakika moja nilifurahi. Kisha magari yakaondoka na vumbi lake, na shangazi akamfungia punda mitungi, akashika njia ile ile ya mtoni.