Nilipokufa kwenye Mtandao Mmoja

Nina kurasa tatu, na kila ukurasa una mimi wake. Kwenye mtandao wa wazee, wanakojazana jamaa zangu wa Matombo, mimi ni mwanakwaya: kitambaa kichwani, sala za asubuhi, upole mtupu. Kwenye mtandao wa picha nauza mdalasini na karafuu, nimejipodoa, wateja wananiita bosi. Kwenye ule wa video fupi navaa wigi jekundu na kuwachamba wanaume wa Morogoro Mjini, na kule namwomba Mungu paroko asipite hata kwa bahati mbaya.

Basi mtani wangu akaniua.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, na kwetu Uluguru mtani ana ruhusa ya kukuzika ukiwa hai. Msibani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka wafiwa wacheke. Amenitangaza kufa mara nyingi, ila ana kwa ana, nami namjibu maneno yanayomtosha. Safari hii aliweka picha yangu ya kwaya kwenye mtandao wa wazee, mshumaa pembeni, akaandika kwamba nimefariki. Kisha akazima simu, akaenda shambani. Mjinga yule! Huko habari ikishasambazwa, nani anakumbuka kuwa aliyeandika ni mtani?

Mchana nilifungua simu nikakuta watu wananililia. Mwanamke mmoja aliandika kuwa ameniota nikimpungia mkono. Mwingine aliapa kwamba asubuhi tulipishana sokoni, akanisalimu, nisiitikie. Wengine walinitumia ujumbe mimi mwenyewe: "Dada, tuombee huko uliko." Na muda huohuo, kwenye mtandao wa picha, mteja anauliza kama karafuu zimefika.

Nikaandika, "Niko hai, acheni upuuzi!" Ndiyo kwanza wakashtuka. "Akaunti ya marehemu imeingiliwa. Dada yetu hakuwa na mdomo huu." Nikajirekodi nilivyokuwa, na wigi langu kichwani. "Huyo amefanana naye tu," wakasema, "shetani hana haya." Wakaniripoti, nikafungiwa nje ya ukurasa wangu. Marehemu akaendelea kupokea rambirambi.

Hofu yangu ilikuwa mama. Ana presha, na jirani humsomea kila kinachoandikwa huko. Nilipiga simu yake, haipatikani. Nikavua wigi, nikadandia bodaboda kutoka mjini hadi Matombo, nikiomba njia nzima nisikute na yeye ameanguka. Karibu na nyumbani mzee mmoja aliniona, akapiga ishara ya msalaba, akaingia ndani na kufunga mlango.

Uani kinamama walikuwa wakisali rozari. Waliniona nikipita, wakainamisha macho, wakaendelea.

Mama alikuwa jikoni, anamenya ndizi. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Niko hai!"

"Marahaba. Si nakuona."

"Kwani hawakukwambia?"

"Wamenisomea yote. Ulivyokuwa mpole. Ulivyokuwa hukasiriki. Hizo sala zako za kila asubuhi." Akaweka kisu chini. "Nikawaambia, poleni sana kwa kufiwa na huyo mtoto, ila mimi sikumzaa."

Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia. Nje sauti hazikukatika. Nilimuuliza kwa nini hawanyamazi, na mimi wameniona kwa macho yao.

"Wanamwombea mtu wao," alisema mama. "Waache wamalize."