Siku Niliyokiogesha Kikaango cha Shangazi

Kosa langu la kwanza jikoni lilikuwa usafi, na mniwie radhi, kwetu Shela pale Malindi sufuria isiyong'aa ilikuwa fedheha ya ukoo mzima, kwa hivyo sikujua kama nakosa. Miaka ya themanini hiyo, nami kijana, nasaidia kwenye hoteli ya chai ya Shangazi Mwanasha, na upishi sikufundishwa na mtu, niliuiba kwa macho nikipeleka vikombe. Shangazi akaalikwa arusini Mambrui, alale huko, akaniambia, "Kesho jiko lako. Ukiweza, utabaki nalo. Ukiniaibisha, babako yuasema uende Marereni ukachote chumvi."

Usingizi ukapaa. Alfajiri nikafika, nikakitazama kikaango cha mayai, cha chuma, cheusi tititi, nikajiambia wateja wakikiona hiki nimekwisha (hakuna aliyewahi kukilalamikia, lakini mimi ndivyo nilivyo, hata kucha za watu wengine hunikosesha raha). Nikachukua mchanga, majivu na kumbi la nazi, nikasugua mpaka vidole vikachubuka na chuma kikatoka cheupe, kisha nikakitundika mlangoni wapita njia wakione.

Mayai ya kwanza yalikuwa ya Bwana Kazungu, muuza mihogo kutoka Ganda. Yalinata pale pale yalipoangukia. Nikakwangua, yakatoka vipande kama plasta ya ukuta. Nikaongeza mafuta, yakanata ndani ya mafuta. Nikakimbilia sufuria, yakaungua chini huku juu yangali mabichi. Mwisho nikaona liwalo na liwe, nikayavunjia juu ya chuma cha chapati, ambacho hakina ukingo, yakateleza yote yakaingia kwenye makaa, na moshi ukawatoa watu nje na vikombe vyao mkononi.

"Kijana," akasema karani mmoja wa bara, akivitazama vile vipande nilivyompakulia, "hii ni mayai ama ni simiti?"

"Muache," akajibu Kazungu, "labda amngoja kuku mwenyewe aje amsaidie."

Shangazi akatokea katika moshi ule, bado ananukia asmini za arusi. Mimi hakunitazama. Alikishika kikaango, akakigeuza, akauliza polepole, "Nani kaniogeshea kikaango?"

"Ni mimi, shangazi. Kilikuwa kichafu."

"Uchafu ule ni mafuta ya miaka, mwanangu. Ndiyo yaliyokuwa yakikaanga. Mimi nilikuwa navunja mayai tu."

Marereni sikupelekwa, ila jiko nalo nilinyang'anywa. Adhabu yangu ikawa kukipaka kikaango mafuta na kukitia motoni, kupaka na kutia motoni, mbele ya wateja wale wale, na kila aingiaye akiuliza kama leo kimeshaoga. Kilipokuwa cheusi tena ndipo Shangazi aliponirudishia mwiko.

Siku hizi jiko ni langu. Sufuria bado nazisugua mpaka zing'ae, lakini kikaango cha mayai nakifuta kwa kitambaa kikavu tu, na mikono ikiniwasha kukisugua, natoka nje kidogo mpaka ipoe.