Silbia wa Ukoo wa Samaki

Kitu cha kwanza Faridah alichokiona kwa Silbia Minj ni kwamba hakula samaki kabla ya kuuliza jina lake. Katika kantini ya wafanyakazi wa hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, jijini Doha, mama huyo mwembamba wa kupiga pasi alisimama na sahani mbele ya mpishi, foleni ikimngoja, mpaka aambiwe kama ni changu, nguru au kibua.

"Shangazi, mwombe na pasipoti yake!" Ronny, mlinzi kutoka Kisumu, alimtania.

Watu walicheka. Silbia naye alitabasamu, lakini hakusogea.

Faridah, Mganda aliyekuwa mgeni katika chumba cha kufulia, alidhani ni maringo. Wiki ya tatu, wakikunja shuka pamoja, uvumilivu ulimwishia akamwuliza. Silbia alimjibu kwa Kiswahili alichookota katika miaka tisa ya kufanya kazi na Wakenya. Yeye ni Moraoni, wa kabila la kale la jimbo la Jharkhand, huko India. Kila ukoo wao una kiumbe chake. Minj ni samaki mrefu, mtelezi, wa majaruba ya mpunga. Wao hawamli, hata njaa ikaze vipi.

Faridah aliiachia ncha ya shuka. "Na mimi ni wa ukoo wa samaki," alisema. "Kwetu Buganda ni kamongo. Mrefu vilevile, mtelezi vilevile. Sijamwonja tangu nizaliwe."

Silbia alimgeukia. "Kwenu wa ukoo mmoja wanaoana?"

"Mwiko!"

"Basi wewe ni mdogo wangu. Okota shuka."

Ndivyo Faridah alivyokuja kuyajua yaliyokuwa moyoni mwa dada yake huyo. Novemba hii Jharkhand inatimiza miaka ishirini na mitano. Siku jimbo lilipozaliwa, Silbia alikuwa msichana wa miaka ishirini, ameshikana mikono na wanawake wa kijiji chao katika mstari wa ngoma, na mama yake ndiye aliyeuanzisha wimbo. Mama huyo alifariki mwezi wa Mei. Alizikwa kabla Silbia hajapata ruhusa ya kusafiri.

Sasa watu wa Jharkhand walioko Doha watakutana Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya misa katika kanisa la Mesaimeer. Wanawake wamemwomba Silbia aanzishe wimbo uleule, kwa kuwa hapa hakuna mwingine anayeujua wote.

Lakini alipoomba ruhusa ya siku hiyo, Philip, msimamizi wa chumba cha kufulia, alimkatalia. Hoteli ilikuwa imejaa wageni wa mkutano.

"Sikutia udongo kaburini kwa mama," Silbia alimwambia Faridah, macho yake kwenye pasi. "Nilitaka nimwimbie tu."

Ijumaa hiyo ingekuwa mapumziko ya kwanza ya Faridah baada ya wiki tatu. Alikuwa amepanga kwenda kwa binamu yake anayeishi mtaa wa Al Thumama. Hata hivyo alikwenda kwa Philip.

"Bosi, zamu ya Silbia nitaishika mimi."

"Kwani ni ndugu yako?"

"Dada yangu."

"Mhindi na Mganda! Mama yenu alikuwa rubani?"

"Tuna mwiko mmoja, Bosi. Kwenu Kakamega hakuna mwiko?"

Philip aliizungusha kalamu vidoleni.

"Bibi yangu, mzaa baba, hakula kuku mpaka anakufa," alisema mwishowe. "Hata alipolazwa, akiletewa mchuzi, alifunga mdomo." Akaiandika zamu upya. "Lakini shuka zikibaki, mtanitambua."

Leo ni Jumatano. Silbia amekuja na sari yake nyeupe yenye pindo jekundu, na anaipiga pasi kwenye mashine kubwa ya hoteli, jambo lisiloruhusiwa. Philip amewageuzia mgongo, anasoma ratiba ambayo ameiandika mwenyewe. Silbia anaimba kwa sauti ya chini, anakwama kwenye ubeti wa tatu, anarudi mwanzo. Faridah hajui hata neno moja la Kikurukh, lugha ya akina Silbia, lakini ameacha kukunja shuka, anasikiliza kama Silbia atauvuka ubeti huo kabla ya Ijumaa.