Mboga ya Siku Tatu na Baraza la Ruqia

Susana alipotoka upande wa Homa Bay kuja kuolewa Migori, alikuja na chungu kimoja na mdomo usiokubali bei ya kwanza. Chungu kilikuwa cha mama yake, kule Kendu Bay. Mdomo ulikuwa wake mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa ameuza samaki wa kukaanga mpaka akachoka. Samaki hamsubiri mtu, akilala, hasara. Basi akaanza kuangalia watu wanavyokula sikukuu, akaona kitu. Krismasi nyama ipo kila boma, wali upo, chapati zipo. Lakini mtu akishakula nyama siku mbili mfululizo, anaanza kuulizia mboga chungu za kienyeji, zile za kupikwa kwa maziwa, na hapo ndipo inagundulika kwamba hakuna aliyezipika. Kisa ni kwamba mboga hizo hazipikwi leo zikaliwa leo.

Chukua akeyo, ambayo Wakisii wanaiita chinsaga. Siku ya kwanza inachemshwa, yale maji machungu yanamwagwa, inatiwa maziwa na kuachwa chunguni. Siku ya pili inapashwa moto taratibu na kuongezwa maziwa. Siku ya tatu inatiwa siagi ya kienyeji, na ndiyo inaliwa. Ukiidokoa mapema utakunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Watu wa mjini hawana siku tatu za kukaa na mboga. Susana alikuwa nazo, akaziuza.

Kilichomsumbua ni jua. Alikuwa anauzia kando ya barabara, na mboga ya maziwa ikipigwa na jua inaanza kunuka hata wateja wa mchana hawajafika. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la nguo la Ruqia, mama wa Isiolo aliyehamia Migori na mumewe kwa biashara, na mbele ya duka palikuwa na baraza pana lenye kivuli kutwa nzima. Susana aliliomba. Duke, kijana wa kuuza soseji za smoki na mayai, naye aliliomba. Ruqia hakumjibu yeyote mpaka Ramadhani ilipokaribia kwisha.

"Mama Levis," akamwambia Susana, "wifi yangu Asmaa anakuja Idi kutoka Isiolo. Kila mwaka ananisema, ati mezani kwangu ni pilau na nyama tu, kama hoteli ya stendi. Nipikie ile mboga yako. Wageni wakiimaliza, baraza ni lako. Ikibaki, nampa Duke."

"Huyo wifi yako anapenda mboga?"

"Anasema ni chakula cha mbuzi."

"Yawa, Mama Faruk! Sasa huo ni mkataba ama ni mtego?"

"Si wewe ndiye unajijua mjanja wa biashara?"

Susana akakubali. Angekataa, Duke angekuwa ameshaweka mwavuli wake pale.

Sasa, Krismasi tarehe yake inajulikana tangu Januari. Idi inangoja mwezi. Ukionekana Alhamisi jioni, Idi ni Ijumaa. Usipoonekana, ni Jumamosi. Na chungu kilichokomaa kwa kazi hiyo kilikuwa kile kile kimoja, kwa sababu chungu kipya kinaitia mboga harufu ya udongo, na sufuria inaunguza maziwa. Ilibidi achague siku ya kuanza bila kujua siku ya kumaliza.

Helen, muuza dagaa wa omena wa kibanda cha pili, alikuwa na ushauri wa bure. "Anza Alhamisi, dada. Na haya mawingu, nani ataona mwezi?"

"Mimi sipiki kwa kufuata mawingu," Susana akasema. "Mboga ikipitisha siku, naongeza maziwa inatulia. Ikiwa changa, nitaiongeza nini? Maombi?"

Akaanza Jumatano.

Alhamisi mwezi haukuonekana. Helen alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaani mboga imefika sherehe kabla ya wenye sherehe!"

Susana hakuwa na nafasi ya kukasirika. Chungu kilihitaji maziwa Ijumaa ile ile, la sivyo mboga ingekauka na kuchacha, na maziwa ya mji mzima yalikuwa yamenunuliwa na watu wa Idi kwa ajili ya chai na tambi. Aliyebaki ni Gisiri, mtu wa Ntimaru anayeleta mitungi ya maziwa kwa pikipiki. Akamkamata kabla hajazima injini.

"Haya yote ni ya hoteli, mama. Usiyaangalie hivyo," Gisiri akasema.

"Hoteli inakupa kivuli?"

"Kivuli cha nini?"

"Maziwa yako unayauzia juu ya pikipiki, jua likiyapiga. Nipimie yangu leo, na wewe utakuwa unauzia kwa baraza ya Mama Faruk, kando yangu."

Gisiri akatazama ng'ambo. "Baraza umeshapewa?"

"Nitapewa ukinipimia."

"Kwa hivyo unaninunua kwa kitu huna."

"Na wewe unakataa kitu hujakiona. Nani mjinga zaidi?"

Gisiri akacheka, akafungua mtungi. Hoteli aliipunguzia kidogo, na mambo ya hoteli ni yake na hoteli.

Jumamosi asubuhi chungu kiliingia kwa Ruqia kikiwa bado cha moto, mboga nyororo, siagi ikielea juu. Susana hakualikwa mezani wala hakuomba. Alirudi juani kuuza kunde zake, akamwona Duke akipita mbele ya baraza na kulipima kwa hatua, kama mtu anayejua meza yake itakaa wapi.

Jumapili alikwenda kuchukua chungu. Kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa mlangoni. Ruqia alimpokea kwa uso wa mtu aliyejiandaa.

"Mama Levis, pole. Haikuisha."

"Haikuisha vipi, na chungu ni kitupu?"

"Njoo uone." Akafungua friji. Bakuli la plastiki lilikuwa limejaa mboga, kifuniko kimebanwa vizuri. "Tulisema wakiimaliza. Hii ni nini?"

Susana alilitazama lile bakuli. Mtu anayetupa mabaki habani kifuniko namna hiyo. "Nani ameiweka hapa?"

"Sijui. Watoto labda."

Sauti ikatoka chumbani, kali kama ya mwenye nyumba: "Wifi! Nasikia friji inafunguliwa! Mboga yangu ya safari isiguswe! Jana mumeo alinimalizia sahani nikiwa naswali, na leo tena?"

Ruqia akafunga friji polepole.

"Mbuzi wa Isiolo wanabeba chakula cha njiani siku hizi," Susana akasema.

"Nyamaza wewe." Lakini alikuwa anacheka, kiganja mdomoni. "Haya, chukua baraza. Ila moshi sitaki, nguo zangu zitanuka."

"Napikia nyumbani. Upande wa kulia, pale kivuli kinakaa mpaka jioni."

"Kulia ni mlango wa wateja!"

"Basi wakiingia watapita kwangu kwanza, na wakitoka watapita kwangu tena. Na kuna mtu wa maziwa nakuja naye."

"Maziwa hatukusema!"

"Wifi yako," Susana akapaza sauti kidogo, akiielekeza chumbani, "atataka nyingine akirudi Idi ya kuchinja?"

"Mbili!" Asmaa akajibu kutoka ndani. "Vyungu viwili!"

Ruqia akamtolea macho, kisha akainua mikono. Susana hakusubiri akili imrudie mwenzake. Alivuka barabara na chungu kichwani, akachukua stuli yake na beseni, akarudi na kukaa upande wa kulia, Jumapili ile ile, bila hata mboga ya kuuza.