Hadithi za Ngome Nilizosimuliwa Kabla ya Kuolewa

Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nisidai kwamba vitabu vile nilivisoma. Nilisimuliwa. Mwenzangu wa cherehani pale Ng'ambo, aliyefika kidato cha nne, alivipata kwenye mitumba, vya Kiingereza, jaladani mwanamke mwenye gauni la kuburuta na mwanamume mwenye upanga. Mchana wateja wakipungua alisoma ukurasa kimoyomoyo, kisha akanieleza kwa Kiswahili huku mimi nashona pindo za sketi za shule.

Karibu zote zilikuwa hadithi moja, nikisema kweli. Mfalme wa zamani huko Ulaya anaamuru binti aolewe na bwana wa ngome asiyemjua, ili ugomvi wa koo mbili uishe. Binti anapelekwa kwa farasi, njia nzima anatetemeka. Bwana ana kovu usoni na hasemi. Mimi nilizitaka hizo tu. Akinisimulia za watu waliochaguana wenyewe, nasinzia.

Sababu nadhani naijua, ingawa huenda nakosea. Baba alikuwa ameshakubali posa ya mtu wa Urambo, mnunuzi wa asali vijijini. Nilikuwa nimemwona mara moja, mgongo tu, ameinama barazani anavaa viatu. Baba nisimwonee: alimchunguza miezi miwili, akauliza msikitini kwao, akauliza majirani. Wala hakunilazimisha. Lakini hakuna aliyeniuliza naogopa nini, na mimi sikusema. Niliogopa kufungiwa chumbani pamoja na mtu nisiyemjua. Shangazi zangu jambo hilo walilisema kwa mafumbo, wakacheka. Hofu ya kitabuni ina kurasa. Unashika kwa kidole gumba unaona zimebaki ngapi. Yangu sikuona mwisho wake.

Kuna kipande nilikipenda kuliko vyote. Bwana wa ngome, baada ya harusi, alilala kwenye benchi karibu na moto, wiki baada ya wiki, mpaka mkewe alipomwita mwenyewe. Nilikiomba kirudiwe mara nne hivi. Nikaanza kuamini kwamba wanaume wa kuozeshwa ndivyo wanavyofanya.

Siku tatu kabla ya ndoa nikakiomba tena. Mwenzangu akaweka kitabu chini.

"Shoga, hilo benchi halimo."

"Halimo vipi?"

"Nililiweka mimi. Humu jamaa hakusubiri hata mshumaa uzimwe."

"Sasa ulinidanganya ili iwe nini?"

"Ulikuwa unatetemeka, mshono unakwenda kama njia ya mbuzi! Zile sketi za shule nani angezivaa?"

Akacheka. Mimi nilikasirika, siku mbili sikumsemesha. Sasa naona alinihurumia, ila siku ile niliona tu kwamba nilichokiegemea hakikuwapo.

Ndoa ilifungwa asubuhi, nyumbani kwetu Cheyo. Wanaume walikaa barazani na shehe. Baba akaingia chumbani na mashahidi wawili kuniuliza.

"Binti yangu, unaniruhusu nikuozeshe kwa mtu huyu?"

Kwetu mwali hadaiwi maneno. Akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nayatafuta maneno. Shangazi mkubwa akapiga kigelegele, wengine wakadakia, mashahidi wakageuka kutoka.

"Bado," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Baba, bado sijajibu!"

Vigelegele vikakatika.

"We mtoto," shangazi akasema, "unaibomoa nyumba haijajengwa!"

"Nataka kumuuliza neno moja. Nyuma ya pazia tu."

Baba akanitazama. Nilidhani atanipiga, na si haki kuandika hivyo, maana hajapata kunipiga. Akatoka. Nikasikia minong'ono barazani, mtu mmoja akicheka, kisha pazia likatikisika, na chini yake nikaona soksi mbili nyeupe.

"Nipo," sauti ikasema. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia.

"Nikiomba siku za kukuzoea, utanipa?"

Baba akakohoa. Shangazi akajifunika uso kwa khanga.

"Ngapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Sijui."

"Basi ukijua utaniambia."

Leo nikimkumbusha anadai alisema "haya" tu, na huenda yeye ndiye anayekumbuka vizuri. Na mtu mbele ya baba mkwe anaweza kusema lolote; hilo nililijua palepale nilipokaa mkekani. Lakini kama jibu lile halikunitosha, sikujua ni jibu gani lingenitosha, na kumkataa mtu kwa kosa ambalo hajalifanya niliona ni dhuluma.

"Nimekuruhusu, baba," nikasema.

Mashahidi walisema hawakusikia vizuri. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.