Foleni Niliyoifagia

Asubuhi yangu ya tatu kazini Kakuma niliamka nikiamini kwamba uchafu mbele ya mlango ungenifukuzisha kazi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Mimi ndivyo nilivyo: nikikosa wasiwasi, nautafuta. Nilikuwa karani wa darasa la ushonaji, nikiwa bado kwenye majaribio, na siku hiyo tulikuwa tunaandikisha wanafunzi. Cherehani zilikuwa kumi na mbili, kwa hiyo nafasi zilikuwa kumi na mbili, kwa wenyeji na wakimbizi sawasawa. Anayefika kwanza anaandikwa kwanza.

Mbele ya mlango nikakuta mawe, ndala moja moja, na mtungi mtupu wa mafuta. Nikachukua fagio. Mawe niliyatupa shimoni, ndala nikazipanga ukutani kwa ukubwa, maana napenda utaratibu.

Kelele zikatoka kwenye kivuli cha tangi la maji, walikokuwa wameketi wanawake kadhaa.

"Wewe! Umetupa watu!" alipaza sauti mama mmoja wa Kiturukana, shanga zikimrukaruka shingoni.

"Watu gani, mama?"

"Mimi hapa! Nilikuwa wa nne! Umenitupa kwa shimo!"

Nimekulia Lodwar. Tangu utotoni nimepanga mitungi bombani na kwenda kucheza, nikijua nafasi yangu iko salama. Hata hivyo sikuitambua foleni ya watu waliofika alfajiri, wakaacha alama zao na kwenda kupumzika. Sijui chuo kilinifundisha nini.

Shida haikuishia hapo. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea nilipokuwa mdogo, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka garini kutoka Lodwar na binti yake. Walikuja moja kwa moja mpaka mlangoni. Kwa kuwa foleni haikuwepo tena, binamu yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza.

"Ejok, msomi wetu," shangazi alinisalimu huku akitabasamu. "Kumbe umetusafishia njia."

Bosi akaita kutoka ndani, "Andika waliosimama hapo mlangoni, tumalize!"

Chuoni tuliwahi kuambiwa tuandike mambo tunayoyaamini, yatusaidie siku ya uamuzi mgumu. Wenzangu waliandika matatu, mimi kumi na moja, kwa kalamu za rangi. Sasa nilisimama nikiyapitia kichwani. Heshima kwa wakubwa ilisema, mwandike binti wa shangazi. Utii kazini ukakubali. Shukrani ikakubali mara mbili, kwa sababu ya uji wote niliokunywa kwa shangazi. Haki ilikuwa imebaki peke yake, na haikuwa na sauti kubwa.

Ndipo akaja mbele yangu mama wa Sudan Kusini anayeuza chai nje ya geti letu. Hakupiga kelele. Alikuwa amevaa ndala moja.

"Mimi ni ya mwisho," alisema. "Namba kumi na mbili. Huyu msichana akiingia, mimi natoka."

Nimezoea kujilaumu kwa makosa ambayo sijayafanya. Hili nilikuwa nimelifanya, na lilinitazama huku limesimama kwa mguu mmoja kwa sababu mchanga ulishaanza kuwaka moto. Nikaingia ndani kabla sijapata muda wa kufikiri zaidi.

"Foleni ilikuwepo," nilimwambia bosi. "Mimi nimeifagia."

Alitoka, akaziangalia ndala nilizozipanga kwa ukubwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi irudishe."

Sikumuuliza mtu namba yake. Nilimuuliza kila mmoja, "Nani alikuwa mbele yako?" Wakasukumana, wakabishana, wawili waliojifanya wa pili wakarudishwa nyuma kwa vicheko, na punde mstari ukasimama. Muuza chai alikuwa wa kumi na mbili, ndala zote mbili miguuni. Binamu yangu nikamwandika wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri.

"Nimekuogesha mimi," shangazi alisema, "leo unanipeleka nyuma?"

"Shangazi, hawa walitangulia."

"Mtoto wa kaka yangu ananisomea sheria!" alimlalamikia yule mama wa shanga.

"Huyo alinitupa kwa shimo," mama akamjibu. "Usimtegemee kwa kitu." Wakacheka pamoja, wakinicheka mimi.

Niliwasindikiza shangazi na binti yake hadi kwenye gari la Lodwar. Shangazi alikataa chai, akakataa soda, akakataa hata kuniangalia. Gari lilipowashwa ndipo akatoa kichwa dirishani.

"Krismasi tukichinja mbuzi, wewe utapewa nyama mwisho kabisa. Baada ya watoto!"

Vumbi likanifunika. Nilirudi kazini nikiichambua sentensi ile neno kwa neno, kwa toni hii na ile, kama kawaida yangu. Kila nilipoigeuza nilifika palepale: mwisho kabisa, ndiyo, lakini nitapewa.