Tundu la Kioo cha Dada

Juzi nilimwona fundi akitoboa kioo kwa mashine ya umeme. Nilikumbuka mchana ule uani kwetu Ngamiani: kioo cha harusi ya dada kimelazwa juu ya gunia linalonuka katani, mjomba akikitoboa kwa keekee yake ya useremala ili kitundikwe ukutani. Alikuwa amezungushia unga uliokandwa pale pa tundu, akamimina maji katikati. Maji yakageuka meupe. Nami, nisiyevumilia uchafu, nikayafuta. Kioo kikalia kwa ukali.

“Rudisha maji, wewe,” mjomba alisema. “Au unataka dada yako aende kwa mume na vigae?”

Sikujua kwamba maji yalikipoza kisipasuke. Nilimimina mengine. Keekee ilipopenya, dada alipiga kigelegele. Mimi nilikuwa nimejikojolea, na sijawahi kumwambia mtu.